Miaka sita na MGB GT ya 1971 Ujerumani: usukani wa kulia, kutu, na spana za marehemu mzee

Spana_ya_Inchi

Wakuu, salaam. Tangu niweke ile picha ya gari la kijani kwenye uzi wa magari ya zamani, watu wamenijaa faragha. Umelipata wapi, linakula mafuta kiasi gani, Wajerumani wanakuangaliaje ukiwa umekaa upande ambao si wa dereva. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo mvua inanyesha tangu alfajiri, chai ipo, naandika yote mahali pamoja.

Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi magharibi mwa Ujerumani, mwendo wa nusu saa kutoka Köln. Gari ni MGB GT ya 1971, kijani kilichokolea, bampa za kromu, rimu za spoku. Mwaka wa sita huu ninalo.

Kwa wasiolijua: MGB ilianza kutengenezwa 1962 pale Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford, ikaendelea hadi kiwanda kilipofungwa Oktoba 1980. Zilitoka zaidi ya laki tano. Mwanzoni ilikuwa ya turubai tu. Mwaka 1965 ikaja GT, yenye paa la bati na mlango mkubwa nyuma, na Pininfarina wa Italia walitia mkono kwenye umbo lake. Injini ni silinda nne, cc 1798, chuma kizito cha ukoo uleule uliokuwa ndani ya Morris Oxford. Kwa hiyo msitishwe na hili neno "gari la michezo". Sura ni ya kijana wa mjini, moyo ni wa gari la mwalimu mkuu.

MGB nyingi utakazoziona Ujerumani zina usukani wa kushoto. Ziliuzwa Marekani zikiwa mpya, halafu miaka ya baadaye watu wakazirudisha Ulaya kutoka majimbo makavu kama California, ambako bati halioti kutu. Kwa akili ya kawaida ningenunua mojawapo ya hizo. Mimi nikataka ya kulia. Nilijifunza kuendesha kwenye barabara ya Pangani, ndani ya pikapu ya shamba. Mkono wangu wa kushoto ndio unaojua gia. Nilipokalia kile kiti mara ya kwanza, uani kwa mzee mmoja Uholanzi, niliingiza gia ya pili bila kufikiri. Nikajua nimeshaliwa.

Sababu ya pili ndiyo iliyonipa jina humu. Marehemu baba alikuwa fundi kwenye shamba la mkonge huko Muheza. Alipoondoka, ndugu zangu waligawana vya kugawana, mimi nikaomba sanduku la spana. Za inchi zote. Nilizibeba kwenye begi hadi Ujerumani, na pale uwanja wa ndege nikafunguliwa begi na kuulizwa hivi vyuma vyote vya nini. Kwa miaka tisa zilikaa chini ya kitanda, maana hapa kila nati ni ya milimita. Kisha likaja hili gari, ambalo karibu kila nati yake ni ya inchi. Nusu inchi, saba ya kumi na sita, tisa ya kumi na sita: ukiwa na hizo tatu umefungua sehemu kubwa ya gari. Ile ya nusu inchi ina alama tatu za tupa kwenye mpini, mzee alizichonga ili mafundi wenzake wasimwibie. Mpaka leo kidole gumba changu kikizigusa najua nimeshika ipi bila kutazama.

Gereji ya kwanza niliyolipeleka gari, kijana wa watu alichukua spana ya 13. Nusu inchi ni milimita 12.7. Inaingia, ndiyo, lakini inacheza, na akikaza inakula pembe za nati. Nilimwangalia mara mbili, ya tatu nikamshika mkono. Siku ile ndiyo nilianza kulitengeneza mwenyewe.

Nakuja na sehemu ya pili. Niacheni ninywe chai.

---

Dogo_Stuttgart

Mkuu nimeweka kambi hapa, na mkeka nimetandika. Nina nia ya kununua moja mwaka huu. Swali la haraka: na huo usukani wa kulia, lori likiwa mbele unalipitaje? Si lazima utoe gari zima ndio uone?

---

Spana_ya_Inchi

Dogo, hilo ndilo swali lenyewe. Huku tunatembea kulia mwa barabara, mimi nimekaa kulia mwa gari. Maana yake nipo ukingoni kabisa, nayaona majani na vigingi vizuri sana, na mbele nauona mgongo wa lori tu.

Kuna njia mbili. Ukiwa peke yako, kaa mbali na lori, mbali kuliko unavyodhani, na usubiri kona ya kulia. Barabara ikipinda kulia, wewe uliye ukingoni unapenyeza jicho ubavuni mwa lori na kuona mbele kuliko hata wao wenye usukani wa kushoto. Ukiona pana, barabara ikinyooka unaondoka. Usipoona, unatulia. Hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kuchelewa nyuma ya lori la maziwa.

Ya pili ni mke. Mama Salma anakaa kushoto, yeye ndiye jicho. Hapo mwanzo alikuwa anasema "nenda... aa, usiende... nenda tu," na siku moja karibu na Monschau nusura tukasalimiane na babu zetu. Tukakaa kikao. Sasa tuna maneno mawili: "bado" na "tupu". Hakuna la tatu. Hata akitaka kuniambia nifunge dirisha, anangoja tumalize.

Mashine za tiketi kwenye maegesho zipo upande wake. Nikiwa peke yangu natumia koleo la kugeuzia nyama, lile refu. Nabonyeza kitufe kwa koleo, navuta tiketi kwa koleo. Watu hucheka. Wacheke.

Na taa, usisahau taa. Gari la Uingereza likiwa dimu linatupa mwanga kushoto, ukingoni kwao. Huku kushoto ndiko wanakotokea wenzako, unawapofusha. Ukaguzi hautapita nazo. Bahati nzuri taa za MGB ni zile za duara za inchi saba, unanunua za upande wa kulia na kuzibadilisha mchana mmoja, nyumbani.

---

Mchumi_255

Samahani mkuu, mimi ni mtu wa hesabu. Gari la miaka zaidi ya hamsini, farasi 95, halina eyakondisheni, usukani upande usiofaa. Kwa pesa hiyohiyo ungepata Mazda MX-5, ambayo Wajapani waliitengeneza kwa kuyatazama hayohayo magari ya Waingereza, wakatoa kasoro zote. Inawaka asubuhi. Haivuji. Unatafuta nini?

---

Spana_ya_Inchi

Mchumi, huna kosa. Ukiniuliza gari la wazi la kuendesha kila siku bila presha nitakwambia MX-5 na sitapepesa macho. Lakini hesabu yako ina mapengo, ngoja nikuwekee yangu.

Kulinunua: euro 9,800. Ndani ya miezi minne nikatoa nyingine 4,600 kwa fundi wa bodi, nitaeleza kwa nini. Kwa hiyo gari la 9,800 ni la 14,400. Hapo ndipo penye maumivu yote. Baada ya hapo mambo ni laini.

Kodi: Ujerumani tangu 1997 kuna namba za H, za magari ya kihistoria. Gari liwe na umri wa miaka 30 au zaidi, liwe karibu na lilivyotoka kiwandani, mtaalamu alikague na kuandika ripoti. Ukipata H, kodi ni kama euro 191 kwa mwaka, hata injini iwe kubwa vipi. Bila H, injini yangu isiyo na kichujio cha moshi ingelipiwa kwa kila cc 100, ikafika euro 456. Isitoshe, H inaruhusiwa kuingia mijini kwenye maeneo yanayodai stika ya kijani, ile ya magari yenye moshi mdogo. Köln ni mojawapo, tangu 2008. Jirani yangu mwenye dizeli ya 2005 haruhusiwi, mimi na moshi wangu wa 1971 napita namsalimia. Uadilifu wa sheria hiyo tuuache, mimi ni mnufaika.

Bima ni ya magari ya kale, nafuu, ila wana masharti: uwe na gari jingine la kila siku, useme utatembea kilomita ngapi kwa mwaka, na ulete tathmini ya thamani. Mafuta ni lita 10 au 11 kwa kilomita 100.

Halafu kuna pengo la mwisho. MX-5 ikiharibika, ningeshika nini na spana zangu?

---

Mchumi_255

Haya, la mwisho limenishika. Endelea.

---

BintiMikindani

Jamani na mimi nichangie, msidhani hiki ni kijiwe cha wanaume. Nipo Uholanzi, nina Triumph Spitfire ya 1975. Hii ni ndugu ya MGB kwa taabu ila si kwa tumbo: ilitoka Coventry, na umbo lake alilichora Mwitaliano, Giovanni Michelotti. Raha yake ni boneti. Inafunguka yote na mabawa yake kuelekea mbele kama mdomo wa mamba, na injini inabaki imesimama mbele yako, tairi za mbele zote ziko wazi. Nikitaka kubadilisha plagi nakaa juu ya tairi, naweka kikombe changu cha chai pembeni. Kaka Spana, wewe unainama mpaka mgongo unalia, au siyo?

Faida nyingine, Spitfire ina chesisi yake ya chuma peke yake chini, bodi imewekwa juu. MGB haina. MGB bodi ndiyo chesisi. Kwa hiyo kutu kwenye Spitfire ni aibu, kwenye MGB ni msiba.

Na huku Uholanzi gari likitimiza miaka 40 kodi ya barabara ni sifuri. Sifuri, Mchumi. Likifika 50 hata ukaguzi wa lazima linasamehewa. Langu limeshafika. Mimi nalipeleka tu kila baada ya miaka miwili kwa hiari yangu, maana breki hazijui kama zimesamehewa.

---

Spana_ya_Inchi

Binti umenitangulia kwenye msiba, basi tuuzike sasa hivi.

Wengi wanaogopa injini. Injini ya MGB utaitengeneza kwenye veranda. Uoga wako wote uweke kwenye vizingiti, yale mabati marefu yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kwa nje unaona bati moja la rangi. Ndani yapo matatu, moja nyuma ya jingine, kama vitumbua vilivyopangwa kwenye kontena, na hayo ndiyo yanayobeba gari lisikatike katikati. Maji ya mvua na chumvi ya barabara huingia kwa mbele, hujificha humo, huanza kula kwa ndani. Ukiona povu la kutu nje, ndani hakuna kitu tena.

Sisi watu wa pwani tunajua chumvi inavyokula mabati. Mzee alikuwa anasema baiskeli ya Tanga mjini huishi nusu ya umri wa baiskeli ya Korogwe. Sasa fikiria nchi ambayo serikali yenyewe, kila baridi, inamwaga chumvi barabarani kwa malori. Ndiyo maana gari langu lina namba za msimu: limesajiliwa Aprili hadi Oktoba, miezi mingine linalala. Tangu 2017 Wajerumani wanaruhusu H na msimu kwenye namba moja, na kodi unalipa ya miezi hiyo tu.

Aliyeniuzia alisema vizingiti ni vipya. Vilikuwa vipya kwa rangi. Nilikwenda kununua na moyo, sikwenda na sumaku. Kosa langu. Miezi mitatu baadaye nililiinua kwa jeki pale mahali pake pa jeki, ubavuni, na nikasikia sauti kama ya mtu anayetafuna kashata. Jeki ilipanda, gari halikupanda. Nikajaribu kufungua mlango wa upande ule, haukufunguka, maana gari lilikuwa limepinda katikati. Nikashusha polepole, mlango ukafunguka. Nikakaa chini kwenye saruji.

Fundi wa bodi alipokata, kizingiti cha kushoto kilikuwa puti, unene wa kidole, na nyuma ya puti kulikuwa na gazeti la Kiholanzi lililokunjwakunjwa. Ukurasa wa michezo. Ninalo bado, nimeliwekea fremu chooni.

Kwa hiyo Dogo, sikiliza. Chukua sumaku ndogo ya friji, ifunge kwenye kitambaa laini usikwaruze rangi ya watu. Ipitishe kwenye kizingiti chote, polepole, hasa inchi kumi za mbele nyuma ya gurudumu na inchi kumi za nyuma. Kwenye bati inashika. Kwenye puti inaanguka. Halafu mwombe muuzaji akuinulie gari kwa jeki mahali pake, fungua na kufunga mlango likiwa juu. Akikataa kuinua, mshukuru, nenda zako. Angalia pia chini ya zile betri. Mwaka huo zilikuwa mbili za volti sita nyuma ya viti, na tindikali ilikula bati la sakafu.

Na ikibidi kabisa, bodi mpya nzima zipo. Uingereza walianza kuzitengeneza upya mwaka 1988 kwa vifaa vilevile vya zamani. Bei yake sitaiandika, mke wangu anasoma uzi huu.

---

Mombasa_Antwerp

Ndugu yangu Spana, nimecheka hadi machozi na hilo gazeti. Mimi nipo Ubelgiji, nina MGB ya turubai ya 1968, na ya kwangu pia ni ya kulia. Huku namba za magari ya kale zinaanza na herufi O, gari lishatimiza miaka 30. Ni nafuu kweli, lakini haturuhusiwi kuliendea kazini. La kutembea, kusafiri kwa starehe, basi. Jirani mmoja hunichunguza kila Jumatatu asubuhi.

Niulize kuhusu umeme. Nimechoka. Nikiwasha taa, indiketa zinalegea. Nikipiga honi, waipa zinasita. Waingereza wenyewe wanamwita Joseph Lucas mkuu wa giza. Nibadilishe waya zote?

---

Spana_ya_Inchi

Mombasa, usibadilishe kitu bado. Lucas anasingiziwa mengi. Waya zake ni nzuri. Kinachokufa ni pale zinapokutana na bati. Mfumo mzima unarudisha umeme kupitia bodi, na bodi ikiota kutu chini ya ile skrubu ya waya mweusi, umeme unatafuta njia nyingine. Anza hapo. Fungua kila sehemu waya mweusi unapogusa bodi, piga msasa mpaka bati ling'ae, paka grisi kidogo, funga tena. Halafu vile viungio vidogo vya mviringo vya waya, vichomoe, vifute, virudishe. Jumamosi moja, gharama yake ni msasa tu. Nakuhakikishia nusu ya matatizo yataondoka kabla ya chakula cha jioni.

Na uangalie ule mkanda wa shaba unaounganisha injini na bodi. Mwaka wangu wa kwanza, asubuhi ya baridi, nilivuta choki nikapiga stata. Ikaguna. Nikapiga tena. Nikasikia harufu ya plastiki, nikashika kitufe cha choki, kikaniunguza vidole. Mkanda ulikuwa umekatika, injini imekaa kwenye mipira yake haigusani na bodi popote, na umeme wote wa stata ulikuwa unapita kwenye ule uzi mwembamba wa choki. Mkanda mpya ni bei ya kahawa mbili.

Ila gari lako la 1968, angalia kwanza kama ni upande hasi wa betri zake ndio uliofungwa kwenye bodi. Kiwanda kilihamia huko kwenye toleo la pili, mwishoni mwa 1967. Za kabla ya hapo ni chanya kwenye bodi, ukiunga kitu cha kisasa umeshakichoma.

---

BintiMikindani

Nakubaliana, na niongeze: kabla hujatukana umeme, sikiliza pampu.

---

Spana_ya_Inchi

Ahsante Binti, nilikuwa nasahau. Pampu ya mafuta ya MGB ni ya umeme, iko chini nyuma, upande wa kulia karibu na gurudumu. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, unaisikia: tiki-tiki-tiki-tiki, halafu inapunguza, tiki... tiki... kisha kimya, maana kabureta zimejaa. Ikiendelea bila kukoma, kuna mahali mafuta yanavuja au yamekwisha. Isipopiga kabisa, kontakti zake za ndani zimechoka.

Yangu ilikata kwenye Autobahn, A61, mvua, magari yanapita kwa kasi ya kilomita 160. Nilijisogeza ukingoni, na hapa usukani wa kulia ukanifaa kwa mara ya kwanza: nilishuka upande wa majani, si upande wa malori. Nikamwambia Mama Salma aruke kwenye uzio. Nikavua kiatu, nikalala ubavu kwenye maji, nikaigonga pampu mara mbili kwa kisigino. Tiki-tiki-tiki. Tulifika nyumbani mimi nikiwa na kiatu kimoja. Cha pili kilibaki A61, kama kuna mtu amekiona.

---

Dogo_Stuttgart

Mkuu spea je? Na mafuta ya siku hizi yanafaa?

---

BintiMikindani

Spea zipo kuliko za gari lako la kisasa, nakwambia. Kuna wauzaji Uholanzi na Ujerumani wenye stoo nzima. Tatizo ni kuagiza Uingereza moja kwa moja. Hadi mwisho wa 2020 kifurushi kilikuwa kinakuja kama barua. Tangu Januari 2021 walipotoka kwenye soko la pamoja, unakuta kodi ya ongezeko la thamani, pengine na ushuru, na msafirishaji naye anadai ada ya kukujazia makaratasi. Niliagiza raba ya dirisha ya pauni 14, nikailipia karibu euro 40 mlangoni. Kwa hiyo nanunua hukuhuku bara, au tunakusanya maagizo watu sita tunaleta sanduku moja.

---

Spana_ya_Inchi

Kweli. Ila ukileta gari zima la Uingereza lenye zaidi ya miaka 30, lililobaki lilivyokuwa, Ujerumani linaweza kuingia kama kitu cha makumbusho: ushuru hakuna na kodi ni asilimia 7 badala ya 19. Andaa karatasi vizuri.

Mafuta: tia petroli ya Super Plus, ile ya oktani 98. E10 iache, ile spiriti iliyomo inalainisha mipira ya zamani, na mpira ukipasuka juu ya ekzosi utalipata gari lako kwenye habari. Mipira yote badilisha iwe ya kisasa. Risasi haimo tena kwenye petroli ya Ulaya, kwa hiyo uliza kama kichwa cha injini kimetiwa viti vigumu vya valvu. Changu kimetiwa. Oili ni 20W-50. Kabureta mbili za SU, kila moja ina kijikombe juu. Fungua, tia matone ya oili, funga. Watu wanasahau, gari linakohoa, wanabadilisha kabureta nzima. Na grisi: vinundu vitatu kila upande wa mbele, kila kilomita elfu tano. Hicho ndicho kitu pekee ambacho baba angeniuliza kama angeliona gari hili.

---

Mchumi_255

Tuambie basi raha yenyewe iko wapi. Mpaka sasa nimesoma kutu, moto na kiatu kilichopotea.

---

Spana_ya_Inchi

Haya Mchumi.

Autobahn siyo kwake, nianze na hapo. Kwenye kilomita 100 gia ya nne injini inazunguka 3,500, unapiga kelele kuongea. Nikibonyeza swichi ya ovadraivu zinashuka hadi 2,800 hivi, na hapo unaweza kusikia mwenzako, lakini bado wewe ndiye wa chini kuliko wote barabarani, tairi la lori liko usawa wa sikio. Ukinunua, hakikisha ina ovadraivu.

Raha iko kwenye njia ndogo. Jumapili alfajiri natoka kuelekea Eifel, vilima viko saa moja na ushee kutoka kwangu, hadi karibu na Nürburgring. Mwaka 1966 MGB ilishinda pale Marathon de la Route, mashindano ya saa 84 mfululizo, siku tatu na nusu za kuzunguka. Mimi sifuati mashindano, lakini ninapopita pale napunguza gia hata kama hapana haja.

Mwaka juzi tulikwenda Austria, Grossglockner. Barabara ilifunguliwa 1935, ya kulipia, kilomita 48, kona za kugeuka nyuma 36, na mahali pa juu inapopita, Hochtor, ni mita 2,504. Tulianza kupanda saa kumi na mbili asubuhi kabla ya mabasi. Kwenye kona zile usukani wa MGB, ambao hauna msaada wa aina yoyote, unauhisi kila jiwe kupitia mikono. Gia ya pili, ya tatu, ya pili. Nimekaa kulia, korongo liko kulia, kwa hiyo nikigeuza shingo naona chini kabisa paa la kanisa na ng'ombe kama siafu. Mama Salma upande wake anaona mlima tu. Nikamwuliza mbona umetulia hivi, akasema, "Mimi naona ukuta."

Juu, hewa ilipokuwa nyepesi, kabureta zikaanza kumwaga mafuta mengi kuliko hewa, gari likawa linasuasua na kutoa moshi mweusi. Hiyo ni kawaida, usifungue kitu. Tuliposimama kupiga picha halikuwaka tena, petroli ilikuwa imechemka kwenye kabureta kwa joto la ekzosi. Nikafungua boneti, tukakaa kwenye jiwe, tukala chapati za jana na mayai. Mjerumani mmoja mtu mzima mwenye pikipiki akasimama, akatazama spana zangu nilizozitandika kwenye nyasi, akaokota ile ya nusu inchi, akaigeuza. Akauliza hizi alama tatu ni za nini. Nikamweleza. Akairudisha mahali pake palepale, akanipa nusu ya soseji yake. Baada ya dakika ishirini gari likawaka lenyewe kama hakuna lililotokea.

Wakati wa kushuka usishuke kwa breki. Nyuma ni drumu, zikipata moto pedali inakuwa kama kukanyaga ugali. Gia uliyopandia ndiyo unayoshukia.

---

Mombasa_Antwerp

Nimerudi kutoa ripoti. Nimepiga msasa waya nyeusi zote, tisa. Indiketa zinapiga kama saa. Honi bado inaifanya waipa moja isite, lakini nimeamua kuishi nayo.

---

Dogo_Stuttgart

Wakuu, leo Jumamosi, nipo kijiji kimoja karibu na Ulm. MGB GT ya 1973, nyekundu, usukani wa kulia, euro 8,500. Gari zuri ajabu. Muuzaji anasema vizingiti vimebadilishwa. Nimekuja na sumaku na kitambaa.

---

BintiMikindani

Kijana wetu! Anza nyuma ya gurudumu la mbele. Tupo.

---

Dogo_Stuttgart

Upande wa kulia imeshika yote.

Kushoto, mbele, imeanguka. Nimerudia mara tatu. Imeanguka mara tatu.

---

Spana_ya_Inchi

Mwombe ainue kwa jeki.

---

Dogo_Stuttgart

Anasema jeki ameiazimisha. Mke wake ametuletea chai na keki.

---

Spana_ya_Inchi

Kunywa chai. Keki kula. Sumaku usiisahau. Rudi nyumbani.